Kitako

Nimeifunga ndani ya blanketi la msiba,
kibali kwenye mfuko wa plastiki, mfuko kwenye sidiria,
nikadandia lori la mbao kutoka Lulanzi
alfajiri, mipaini bado haijavua ukungu.
Dereva akauliza, umebeba nini mama?
Nikasema, baba.
Si uongo mwingi.

Fidelisi amepiga simu mara tatu kutoka Dar.
Uza hicho chuma, ongezea hela ya viazi,
nunua mpya, yenye darubini.
(Hajawahi kulala dunguni hata usiku mmoja.)
Anasema zama za kurithi kutu zimepita.

Lakini nguruwe hawasubiri kikao cha ukoo.
Juzi wameingia kwenye mahindi, wakafyeka matuta manne,
nami juu ya dungu nikavuta kifyatulio
ikasema *nch*,
kama shangazi akifyonza.
Mara ya pili ikalia, na kitako kikapasuka mikononi
kuanzia shingoni hadi pale baba alipoegemeza shavu.

Pale pamelainika. Pana rangi ya chai.
Miaka arobaini ya shavu moja,
ndevu, jasho, mafuta ya alizeti aliyopaka
kila Jumamosi akishanoa mundu.
Ninusishe mti huo gizani, nitakutajia jina.

Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo,
fundi Chengula ameivua nguo juu ya meza:
bolti, springi, skurubu ndani ya kifuniko cha kopo.
Amechungulia mtutu kuelekea dirishani.
"Mzima. Chuma hiki kitakuzika."
Kisha akagonga kitako kwa kidole,
kikajibu kama debe.
"Marehemu ni huyu."

Mninga mkavu, wiki mbili, laki mbili na nusu.
Mpya ni ng'ombe wangu wote wawili
na ndama ambaye hajazaliwa,
na safari za polisi ambazo hakuna anayezihesabu.
Serikali inaijua namba iliyochongwa kwenye chuma.
Badilisha mti mara kumi,
kwao ni bunduki ileile ya Galinoma Kihwele.
Tupa chuma, baki na mti: huna bunduki, una kuni.

Nami ninaujua mti tu.

Nilitaka kumwambia hivyo. Koo likakataa.
Akafungua bamba la nyuma, skurubu ya mwisho,
akapuliza vumbi, akacheka peke yake.
Ndani, kwa ncha ya patasi: CH. 1981.
"Nilikichonga mimi. Cha kwanza kilivunjika
baba yako alipoteleza mtoni Lukosi.
Alisimama hapohapo uliposimama,
anauliza bei ya mpya,
huku amekikumbatia kilichovunjika kama mtoto wa homa."

Akaamuaje?

"Hakuamua. Aliniachia, akasema atarudi baada ya mavuno."

Mavuno yapi, fundi, na nguruwe je?

Akakuna kidevu.
"Hata yeye aliwasahau nguruwe. Alirudi kesho yake."

Tukanyamaza. Nje mtu alikuwa anagonga bati.
Basi niliyemnusa miaka yote hii
ni baba, ndiyo, lakini juu ya kazi ya mtu mwingine,
juu ya mti uliochukua nafasi ya mti
ambao bila shaka naye aliulilia.

Fundi hakuniuliza nimeamua nini.
Alinishika mkono, akaukunja,
akaweka futi kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kidole cha shahada,
akaandika namba ukutani kwa mkaa.
"Umepungukiwa inchi nzima na nusu," akasema.
"Hiki kilikuwa cha mkono wake. Wewe kilikuwa kinakupiga."

Bega langu la kulia lina alama nyeusi, mwaka wa sita sasa.
Nilidhani ndivyo bunduki zilivyo.