Kwa Maji Yapi

Daftari la zahanati lilimjua kwa presha:
Somoe Nampembe, mia na themanini kwa mia na kumi.
Daftari la ustawi lilimjua kwa paa:
bibi, wajukuu watatu, nyasi zinavuja.
Kamati ya maji ilimjua kwa deni.
Somoe mmoja, Mnyambe hiihii,
na madaftari hayajawahi kuamkiana.

Leo nimepanda naye kutoka bondeni,
mimi kishikwambi kwapani, yeye ndoo kichwani.
Nikamuuliza vidonge anamezaje.
"Kwa maji yapi, mwanangu?"
Nikaandika hivyohivyo, neno kwa neno.

Mtandao kwetu unapatikana nyuma ya choo cha shule.
Nilisimama pale, mkono juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa,
mpaka kile kiduara kikaacha kuzunguka.

Alasiri nesi Chitanda akapiga: "Nimeyaona ya maji."
Kabla sijajibu, simu ya pili:
bwana ustawi, yuko Newala mjini,
anauliza njia ya kwa Somoe,
kama gari linafika.

Halifiki, nikamwambia.
Njoo kwa miguu.
Njoo na ndoo.