Sentimita Nne

Asubuhi Hilkka anaendesha kuelekea mashariki,
alasiri anarudi magharibi,
na mara zote mbili jua linamngoja barabarani
kama mdai anayejua siku ya mshahara.

Huku Kuhmo, mwezi wa pili, jua halipandi.
Linajikokota juu ya misonobari,
linainama, linachungulia chini ya kikinga,
na theluji, badala ya kulimeza,
inalirudisha lote, na chenji juu.

Kikinga chenyewe kilichorwa na mtu mrefu,
mtu wa kwao ambako jua hukaa utosini.
Hilkka ni mfupi. Anakalia mto wa kochi.
Akikishusha mpaka mwisho, pengo bado lipo:
sentimita nne. Alipima kwa rula ya mtoto.
Ndani ya hizo nne
jua zima huingia bila hodi.

Tarehe tisa aliona nyeupe tupu.
Akakanyaga breki kwa kumbukumbu tu,
kwamba hapo, kwenye sanduku la barua la akina Piirainen,
husimama Vieno na mkoba wake.
Basi dogo la shule likateleza, likakaa mshazari.
Mlango ulipofunguka, Vieno alikuwa pale pale,
hatua moja kutoka kwenye bampa,
anamenya chungwa.
"Umechelewa," akasema.

Usiku ule Hilkka alishuka gereji.
Kwanza boksi la shayiri na vibanio vya nguo:
likaziba jua, likaziba na barabara.
Kisha plastiki nyeusi:
jua likawa kiini cha yai, sawa,
lakini kulungu je, aliyesimama kivulini?
Kisha kioo cha barakoa ya kuchomelea
ya marehemu Oiva.
Kupitia kioo kile dunia ilikuwa ya kijani, ya mbali,
kama uionavyo ukiwa na homa.
Akakitoa. Akakifuta. Akakirudisha kwenye droo
pamoja na miwani yake
na kipimo cha upepo wa tairi.

Husemwa jua halizibwi kwa kiganja.
Aliyesema alikuwa amekaa tu, hakushika usukani.

Kesho yake Vieno alipanda kiti cha mbele.
Akamtazama dereva akikunja uso, machozi yakimtoka,
shingo ikirefushwa kama ya bata.
Akanyoosha mkono wenye glavu nyekundu ya sufi.
"Hapo?"
"Shusha kidogo."
"Hapo?"
"Kushoto. Hapo. Hapo hapo."
Na jua lote, lile lililotaka kuua mtu,
likaenea nyuma ya kidole gumba cha mtoto.

Kumbe ni dogo!
Miaka kumi na tisa anajenga ukuta
dhidi ya kitu cha ukubwa wa kitufe.
Halikutaka ukuta. Lilitaka mtu
anayejua liko wapi sasa hivi.

Ila kona ya tatu mkono ukachoka,
na hesabu za shule hazifanywi mkono ukiwa juu.
Basi Hilkka akafunga waya wa pazia
chini ya kikinga, mlango hadi mlango,
akaitundika glavu kwa pete mbili na uzi:
vuta, inakwenda kulia; vuta, inarudi;
barabara ikikata kona, glavu nayo inakata.

Mwezi wa nne, ukaguzi wa gari.
Bwana Tolonen akaigusa kwa ncha ya kalamu.
"Hii ni nini?"
Hilkka akamweleza, na pengo, na rula, na chungwa.
Fomu haikuwa na kisanduku cha jambo hilo.
Akaandika: *pambo*.
Kisha, akidhani haonekani, akavuta uzi,
mara moja kulia, mara moja kushoto.

Na Vieno alimaliza majira yote ya baridi
mkono mmoja mfukoni.
Bibi yake akataka kumfumia nyingine.
Akakataa.
Hajaipoteza, alisema.
Iko kazini.