Jibu la Nne

Leo nimeandika: saa nne, ngazi ya dharura.
Jana: saa saba na nusu, vyoo vya ghorofa ya pili,
nafasi kati ya sinki na mlango
ili kiti cha magurudumu kigeuke bila kumwomba mtu radhi.
Juzi nilikaa kikaoni, sikusema neno. Saa mbili.
Hata kimya kina safu yake kwenye jedwali.

Winnipeg, Februari. Basi halijafika.
Pumzi inaganda kwenye kope.
Kule Same nilishajenga zahanati mbili,
bweni la wasichana, na ukumbi wa kanisa
ambao popo waliuzoea kabla ya waumini.
Hapa mimi ni mwanagenzi, miaka arobaini na mmoja.
Kijana wa meza ya pili, aliyezaliwa
mwaka nilipomaliza darasa la saba,
hunionyesha karatasi za printa zinakokaa,
kila Jumatatu, kwa upole,
kana kwamba zinahama usiku.

Sina kinyongo.
Nalirudia hilo mpaka basi lifike.

Nimejifunza udongo wa huku, mfinyanzi wa mtoni,
unavimba, unasinyaa, hauna msimamo;
jengo haliutegemei, linaupita,
linashusha miguu kuutafuta mwamba.
Kwetu nilipigana na mchwa na mvua.
Huku adui ni mvuke wa chai yako mwenyewe:
unapenya ukutani, unaganda humo,
unaozesha mbao nawe umelala.

Mara ya kwanza nilifeli sehemu ya sheria.
Bi Halldorson, anayetia sahihi saa zangu,
aliisoma barua akiwa amesimama.
"Waliowahi kujenga huanguka hapo," akasema.
"Mnajibu mngefanya nini.
Wao wanauliza nani atashtakiwa."
Kisha akanirudishia michoro ya lifti, nimekosea kipimo.

Mara ya pili, swali la thelathini na kitu:
Ukingo wa paa umemwangukia mpita njia.
Nani anawajibika? Mwenye jengo, mkandarasi,
mhandisi, msanifu.

Nikaacha kuandika.

Kuna shule moja, sitaitaja.
Ukuta wa mwisho ulilala chini Jumamosi,
ukamuua mbuzi. Mbuzi tu,
tukashukuru kwa sauti kubwa.
Mwalimu mkuu akailaumu mvua, na diwani akailaumu mvua,
nami nikaungana nao, maana mvua
haina leseni ya kunyang'anywa.
Lakini fundi Senkondo aliniuliza, wiki tatu kabla,
kama pale kwenye kona hapahitaji nguzo.
Nilikuwa na haraka, pikipiki ilikuwa inanguruma.
Nikasema, inatosha.

Ramani ile haikuwa na jina langu.
Haikuwa na jina la mtu yeyote.

Nikachagua jibu la nne.
Sijui hata kama lilikuwa sahihi.

Muhuri ulikuja Septemba, kwenye bahasha yenye mapovu.
N. MBWAMBO, duara kamili, herufi zote zimo,
jina ambalo ofisi nzima hulitamka kama mtu anayepaliwa.
Kazi yangu ya kwanza: njia ya mteremko
kwenye mlango wa pembeni wa kanisa la Waukraine,
mita tisa za zege na mikono ya chuma.
Nilipaka wino. Nikabonyeza. Nikainua polepole.
Bi Halldorson alichungulia begani kwangu:
"Haya, umekwisha kulala vizuri."

Nilidhani anatania.
Usiku wa theluji ya kwanza, saa tano na robo,
nilivaa koti juu ya nguo za kulalia,
nikashika futi kamba, nikaenda.
Taa ya mlango ilikuwa inapepesa. Hakukuwa na mtu.
Nilipima urefu wa mkono wa chuma toka sakafuni.
Pungufu milimita mbili.
Sheria inaruhusu.

Nikafuta theluji kwa kiganja, nikapima tena.