Mkono wa Kulia

Juu ya duka la vitambaa, Kiusa,
ngazi kumi na saba zenye harufu ya bizari,
Bi Jasvanti alinifundisha kula upya,
mimi niliyedhani kula nakujua tangu Kibosho.

"Vidole tu, Aikande. Kiganja kibaki kikavu.
Chapati ikate kwa mkono mmoja,
gumba lisukume, usichote kama sepetu.
Na huo wa kushoto uweke pajani, utulie,
kazi yake ni gilasi ya maji."

Nikacheka. Mchuzi wa dengu ukanichuruzika hadi kiwiko.
Yeye hakucheka; alinisubiri
kama asubirivyo uzi upite tundu la sindano.

Kijiko, alisema, hakijui moto.
Kidole huujua kabla ya ulimi.

Juni ile ya baridi, mlima umejifunika wiki nzima,
kiharusi kikamchukulia upande.
Mkono ulioonja miaka sabini
ukalala juu ya shuka kama kipande cha kitambaa
kilichobaki baada ya kukata gauni.

Mwanawe akaleta kijiko. Akafumba mdomo.
Huo wa kushoto, mama?
Akageukia ukutani.

Basi nikanawa. Nikachanganya wali na mtindi,
chumvi, achari ya embe kwa mbali,
nikabana tonge kwa ncha za vidole.

Akafumbua.
Akatafuna, akinikagua kama akaguavyo pindo,
kisha akasema, kwa nusu ya mdomo iliyobaki:
"Kubwa mno."

Nikapunguza.
Chozi nililifuta kwa mkono wa kushoto;
wa kulia ulikuwa na kazi.