Mizani ya Sonara

Mizani ya kupimia pete niliiazima kwa Kirtesh,
sonara wa ghorofa ya chini, Kibokoni.
Nikaiweka miwani yangu kisahanini:
gramu tisini na mbili.
Akacheka. "Hii ni miwani au kufuli?"

Nilikuwa nimerundika kila kitu juu ya pua ya mtu:
kioo, kipaza sauti, betri,
na taa ndogo kama punje ya mtama
inayoandika herufi hewani.
Na Mombasa haina huruma na pua.
Jasho la saa nane mchana liliteremsha fremu,
sentensi zikatelezea shavuni,
chumvi ikala bawaba.

Nikapunguza.
Betri nikaihamishia nyuma ya sikio,
fremu nikaitobolea vijitundu kama kofia ya mkono,
kioo nikakisugua hadi kikawa ganda la kitunguu.
Sitini na moja. Arobaini na nne.
Usiku mmoja niligombana na skrubu
kwa robo ya gramu.

Wa kwanza kuivaa ni Mwanamkuu, fundi cherehani wa Mwembe Tayari,
asiyesikia tangu homa ya utotoni.
Thelathini na moja.
Adhuhuri akawa anaitafuta mezani, chini ya vitambaa,
kumbe anayo usoni.
Nikamnunulia Kirtesh pakiti ya mabuyu.

Siku ya tatu aliirudisha.
Akachukua chaki ya kukatia,
akaandika juu ya kitambaa cheusi:
*Nzito.*

Kisha akanieleza, kwa chaki na kwa mikono.
Wateja wawili walisimama mbele yake wakijaribu buibui,
mmoja akamwambia mwenziwe neno,
na herufi zangu zikajipanga kwa adabu,
za kijani, bila kosa la tahajia:
*Kiziwi huyu, mpe nusu, atamwambia nani.*
Miaka ishirini amewashonea
akidhani midomo ile yausifu mshono.

Mizani ya Kirtesh haina jiwe la kupimia hilo.

Hakutaka niyafute maneno.
Alitaka kitufe,
afungue mwenyewe, afunge mwenyewe, kama dirisha.
Kitufe, uzi wa waya, na mpira wa kuzuia jasho:
gramu mbili na nusu.

Kirtesh aliitazama sindano ikipanda,
akanitazama mimi
kama mtu atiaye shaba kwenye dhahabu.

Bei ya buibui Mwembe Tayari,
nasikia, imepanda.