Shingo ya Kifuko

Tromsø, Desemba. Saa nane mchana
na taa za barabarani hazijazimwa tangu wiki jana.
Ingunn Kvaløy anaingia na theluji yake begani,
hanisalimu, anakaa kwenye hadubini.
Mimi Aslak, mtunza panya, nasimama nyuma yake.
Seli anazozitazama zilitoka kizimba cha tisa.

“Njoo uone,” anasema.
Naona utando umebonyea
kama shavu la mtoto anyonyaye,
ukawa kishimo, kishimo kikawa kifuko,
na kifuko kinaning’inia kwa shingo
nyembamba kuliko neno wembamba.

Mkataji wa shingo yupo: protini, jina lake dainamini.
Hujiviringa, akakaza, akakata,
na seli ikawa imemeza.
Lakini neva ikitulia, mkataji hafanyi kitu.
Serini zake mbili zimebandikwa fosfeti,
fosforasi na oksijeni zake, basi,
mzigo ambao hata sisimizi angeucheka,
nao umemfunga mikono.

Kalsiamu ikifurika ndani
kimeng’enya hupita mbio, hubandua.
Kazi huanza.
Halafu kingine huja nyuma taratibu
kikabandika upya, bila kelele,
kama mwenye nyumba arudishaye ufunguo msumarini.

Mimi nilidhani kumeza ni njaa tu.

Leo Ingunn ameghushi.
Mahali pa serini ametia asidi nyingine,
chaji ile ile ya fosfeti, ila haibanduki.
Anabonyeza kitufe. Umeme. Kalsiamu inafurika.
Kimeng’enya, nadhani, kinapita,
kinapapasa, hakipati cha kubandua.
Vifuko vinaning’inia tu,
matone kwenye ukingo wa bati
baada ya mvua, yasiyodondoka.

Hashangilii. Anahesabu kwa kidole hewani.
“Arobaini na kimoja.”
Miezi kumi na minne ameitafuta picha hii
na sasa anasugua macho, anauliza kama kuna kahawa.
Kuna, ya asubuhi, imeshakuwa lami.
Anainywa hivyo hivyo.

Kisha, bila kugeuka:
“Yule wa kizimba cha tisa,
mwenye sikio lililochanika. Alikuwa na jina?”

Nikasema hapana, haturuhusiwi.

Alikuwa nalo. Nilimpa mwenyewe, Oktoba.
Lilifika hapa, shingoni,
likakaa.