Mkia wa Joka

Upepo wa Bethesda hauna adabu:
huanzia mkiani.
Joka jekundu limeuelekea mlingoti,
na nyuma yake, uzi kwa uzi, kitambaa kinaliwa.
Kila Machi bendera ya ukumbi wa mji
hushushwa, ikapelekwa kwa Tegwen Rowlands,
naye huivalia miwani.

Sandukuni mwake wamelala wengine.
Simba wanne wa Gwynedd,
wawili wekundu, wawili wa dhahabu,
kila mmoja juu ya rangi ya mwenzake
kama ndugu waliobadilishana mashati.
Joka la manjano la waasi,
nondo wamelitoboa jicho.
Msalaba wa dhahabu juu ya weusi
ambao babake aliubeba mazikoni,
kucha bado zina vumbi la machimbo.

Hodari walikuwa, husema, akitafuta tundu la sindano.
Leo ngome zao unalipa kiingilio,
na simba wamechapwa kwenye taulo za vyombo.

Idwal, mjukuu, miaka saba,
amekalia mabaki ya kijani.
“Bibi, mbona limetoa ulimi? Limechoka?”
Tegwen akata uzi kwa meno.
“Laonja upepo. Lijue umekuja na nini.”

Mwaka huu ameurefusha mkia
shubiri nzima,
kinyume cha vipimo vya serikali.
Hakumwambia mtu.
Dirishani matawi yanapigana.
Haya, aunong'onezea upepo,
kula.
Kula ushibe,
kiuno uniachie.